Maji Yakielekea Godoroni

Alikuwa hajapiga hata hatua ya tatu jikoni, sauti ya kikongwe ikamdaka kutoka chumbani.

"Fundi! Siku tatu uko njiani. Hiyo njia yako ina kona ngapi?"

Alisimama. Akatazama chini, akaona viatu vyake vimo majini: maji meusi yenye povu la sabuni, yanatoka bafuni na kuambaa kwenye korido kuelekea huko sauti ilikotoka. Harufu yake tusiiseme. Aligeuka nusu, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Fundi, husikii? Yamefika mlangoni!"

"Nasikia, Bibi."

Bibi alimwita Fundi, akaitika, nasi tumwite hivyohivyo.

Alimkuta amelala kwenye godoro sakafuni, mguu mmoja umenyooshwa, nyonga imezungushiwa bandeji nene. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wiki ile, na daktari alimwonya binti wa Bibi neno moja tu: kidonda kisiguswe na maji machafu. Maji yalikuwa yamebakiza hatua mbili.

"Hata salamu hakuna siku hizi?"

"Shikamoo, Bibi. Nikuinue?"

"Marahaba. Usinishike! Kuniinua kunataka watu wawili wenye akili, na hapa naona nusu ya mmoja." Alijaribu kucheka, macho yasibanduke kwenye maji. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kuogopa. "Binti yangu amekwenda kukusaka huko kwenu. Basi mmepishana. Huko ghorofani leo Jumamosi, wanafua. Kila wakimwaga beseni, linanijia mimi. Nimeita mpaka koo limekauka, wao wamefungulia redio."

Fundi alikuwa na gunia tupu kwapani. Akalikunja, akalilaza kizingitini kuyazuia maji.

"Vifaa vyako viko wapi?"

"Vitapatikana humuhumu."

Bibi akamtazama kidogo. "Haya. Nenda uani, ufungue chemba ya maji machafu. Ikiwa imejaa, tatizo liko mbele huko barabarani. Ikiwa kavu, bomba limeziba hapahapa kwetu. Nimekaa humu miaka thelathini, nalijua hili bomba kuliko ninavyomjua mkwe wangu."

Fundi anafundishwa kazi na mgonjwa! Lakini alitii. Huko uani alichomoa kiunoni kipande cha chuma chenye ncha bapa, akakibandua kifuniko cha chemba kwa mkono wa mtu aliyezoea. Ndani kulikuwa kukavu, mende wawili tu wamejipumzikia. Akainua kichwa. Ukuta wa uani ulikuwa mfupi, na ng'ambo yake kulikuwa na kichochoro. Aliutazama ule ukuta kwa muda. Mara huko juu mtu akamwaga beseni jingine, Bibi akapiga ukelele ndani, naye akarudi mbio akijilaani mwenyewe.

"Kavu, Bibi!"

"Basi chukua waya wa pazia hapo dirishani. Kunja ncha iwe ndoana, usukume kutoka chembani. Polepole! Ukikatikia humo ndani, tumekwisha."

Alipiga magoti, akasukuma. Waya ukaenda, ukagoma. Lango la mbele likalia, akaruka, akasikiliza. Aliyeingia alikuwa jirani tu. Akauzungusha waya, akavuta, ukatoka na nywele chache. Akaurudisha. Lango likalia tena, akaruka tena.

"Mbona huna utulivu wewe?" Bibi akapaza sauti.

"Nina kazi nyingine!"

"Itakungoja. Maji yamelipita gunia!"

Akalala kifudifudi, mkono mzima ndani ya bomba, shavu kwenye zege. Alikuwa na hasira na maji, na waliokuwa wakifua, na nafsi yake. Ndoana ikashika. Akavuta kwa nguvu zote, likatoka donge la mafuta ya kupikia yaliyoganda, ukubwa wa ngumi mbili, limesukwa na nywele na kipande cha sponji. Bomba likakoroma, kisha maji yote yakashuka kwa kishindo na kumrukia kifuani. Akajikuta anacheka peke yake.

Chumbani, maji yalikuwa yameshalamba pindo la shuka. Sasa yalikuwa yanarudi nyuma. Bandeji ilikuwa kavu. Bibi alikuwa analia waziwazi, bila hata kujifuta.

Fundi akapiga deki korido yote. Akachemsha maji, akayamimina kwenye sinki pamoja na sabuni.

"Bibi, mwambie binti yako mafuta ya kukaangia asiyamwage humu. Ayaache yagande, ayatupe na takataka. Na sufuria aipanguse kwanza kabla ya kuiosha."

"Nimesema mpaka nimechoka. Mimi ni mama yake tu, atanisikia wapi?"

Lango likalia. Safari hii nyayo zilikuwa za watu wawili, na zilikuwa zinakuja moja kwa moja.

"Binti yangu huyo," Bibi akasema. "Akikukuta atakutolea macho kwa hizo siku zako tatu. Pitia nyuma, baba. Na Mungu akuzidishie."

Fundi akajipangusa mikono kwenye suruali. Akatoka haraka, gunia lake akaliacha pale kizingitini.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Binti akaingia anahema, na nyuma yake mwanamume mnene mwenye sanduku la vifaa mkononi na waya mrefu wa kuzibulia begani.

"Mama, nimemleta! Nimemtoa kitandani mwenyewe, huyu fundi mwongo!"

Bibi alijivutia shuka, akamtazama yule mwanamume kutoka juu hadi chini.

"Pole, baba, umechelewa," akamwambia. "Mwizi ameshazibua."