Nyota ya Saba

Ngazi kumi na mbili. Mzee Nyota alizihesabu kimoyomoyo, kama kila usiku wa tamasha la nyota, akafika jukwaani na kushika ukingo wa chuma. Chini yake watu mia mbili walikuwa wameketi mchangani. Hifadhi ilikuwa na sheria moja kali: watazamaji marufuku kuwasha taa, hata ya simu, ili macho yazoee giza. Hakuna sheria aliyoipenda kuliko hiyo.

Kilichombana usiku huu ni mkaguzi. Alikuwa ametumwa kutoka makao makuu kuamua kama mzee huyu, mwongozaji kwa miaka ishirini na mitatu, aongezewe mkataba. Kazi ikienda, nyumba ya hifadhi nayo inakwenda, na hakukuwa na nyumba nyingine duniani ambayo aliijua kila pembe.

"Leo utapanda peke yako, Mzee," mkaguzi alikuwa amemwambia. "Mkeo atakaa na sisi huku chini."

"Miaka yote tunapanda wote."

"Ndiyo maana."

Sasa mkaguzi alisimama mbele ya ngazi. Njia nyingine ya kushuka haikuwapo.

Kwa kawaida mkewe husimama ubavuni pake. Ishara zao zilikuwa mbili tu: akikohoa mara moja, watu wametulia, akikohoa mara mbili, kuna mkono umeinuliwa. Ya tatu hawakuwahi kuihitaji. Katika jangwa hili tamasha halikuwahi kuahirishwa hata siku moja.

Kikohozi kimoja kikasikika kutoka chini. Mzee Nyota alipapasa ukingo hadi kwenye alama aliyoichonga mwenyewe, akainua kurunzi yake yenye mwale wa kijani.

"Yule ni Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote," alisema. "Ana miezi zaidi ya tisini inayomzunguka. Mimi huyu mke wangu mmoja tu kanipa kizunguzungu."

Watu waliangua kicheko. Akaanza kulegea mabega.

Baada ya robo saa upepo uligeuka, ukawa wa baridi. Alisogea hadi alama ya pili, akaelekeza mwale kwenye Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Hapo vicheko vilikuja mahali ambapo hakuwa ametia mzaha wowote.

"Huyu mzee kiboko!" mwanamke mmoja alisema. "Hakati tamaa!"

"Hesabuni pamoja nami. Moja, mbili, tatu..."

Mkewe akakohoa mara mbili.

"Kuna swali?"

 Kisha vikohozi viwili tena, na viwili vingine, vya haraka.

"Uliza tu, ndugu yangu, usione haya."

"Mama, kunywa maji," mkaguzi alisema kwa upole. "Mwache amalize." Halafu akapaza sauti. "Endelea, Mzee. Ziko ngapi hapo?"

Mzee Nyota alishusha pumzi. Swali hili alikuwa amelijibu maelfu ya mara.

"Wengi huona sita, bwana mkaguzi. Mwenye macho makali huiona na ya saba. Ile pale, chini kidogo, upande wa kushoto."

Safari hii hakucheka mtu. Aliuchukulia ukimya ule kuwa ni heshima, akanyoosha mkono zaidi.

Alikuwa bado amekodoa macho juu, akiwaonyesha nyota ya saba, tone la kwanza la mvua lilipomwangukia ndani ya jicho.