Kilichopo Kipo

Siku ya kumi na moja stesheni, Madame Valérie alifika kwa Parmenide katika somo lake la falsafa.

Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, mgongo kwenye ukuta wa ghala, daftari magotini. Kati yake na reli watu elfu kadhaa walikuwa wakipika, wakilala, wakingoja. Stany Mukalay alichuchumaa mbele yake na kalamu. Alikuwa darasa la sita la sekondari, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

"Turudie," alisema Madame Valérie. "Chanzo cha vitu vyote ni maji."

"Thales."

"Hewa."

"Anaksimene."

"Moto, na kila kitu kinapita."

"Heraklito. Hauwezi kuingia mara mbili mu Lualaba moja."

"Andika 'mto'. Wasahihishaji hawana habari kwamba Heraklito alifika Kolwezi."

Zena, mwanamke aliyeuza chai pembeni yao, alicheka. "Angefika, Madame, wangemuuliza baba yake ni wa wapi."

Ilikuwa Machi 1993, na kila mtu mjini alikuwa akiulizwa hivyo. Asili haikuhesabiwa kwa mama wala kwa mahali pa kuzaliwa. Ilihesabiwa kwa baba tu. Waliokuwa na baba wa Kasai, jimbo jirani, walitolewa kazini, kisha nyumbani, kisha wakaletwa hapa kungoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Baba wa Madame Valérie alitoka Kasai mwaka 1938 kuja kuchimba shaba Mutoshi. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi. Kasai hakuwahi kuiona.

Njia ya kubaki ilikuwa moja. Jina liliposomwa, ndugu Mkatanga, mwenyeji wa jimbo hili, wa damu au wa ndoa, alipaswa kusimama mbele ya kamati ya uhamisho na kumsemea mtu wake kwa mdomo. Vyeti havikukubaliwa, kwa sababu vya uongo vilikuwa vingi. Aliyesimama, jina lake nalo liliandikwa, kwenye orodha nyingine. Hakuna aliyejua orodha hiyo ilikuwa ya nini, na hiyo ilitosha kuwafanya wengi wabaki majumbani.

Kwa siku kumi na moja Madame Valérie alikuwa akiliangalia lango la stesheni. Aliyeingia kwa ajili yake ni Stany tu, kila saa nne asubuhi, na bakuli la ugali wa bukari na mboga ya sombe.

"Rachelle alipika," alisema siku hiyo, akimtaja dada yake.

"Bado anakohoa?"

"Amepona."

"Na tata?"

Aliposikia baba yake akiulizwa, Stany alifunika kalamu, akaifunua. "Tata hatoki. Anasema akionekana hapa, kesho na yeye hana kazi."

"Hapo hakuna kosa la mantiki," alisema Madame Valérie. "Tuendelee. Matawi ya falsafa."

"Metafizikia: ni nini kilichopo. Elimu ya ujuzi: tunajuaje. Mantiki: kipi kinafuata kipi. Maadili: tufanye nini."

"Maadili yana maswali mangapi kwenye mtihani?"

"Mbili tu, Madame."

"Basi usipoteze muda nayo. Parmenide. Kilichopo kipo. Kisichokuwepo hakiwezi kufikiriwa, wala kusemwa."

Stany aliandika neno kwa neno. Alikuwa na mwandiko mzuri, uliolalia kulia kama wa mwalimu wake.

Treni ilipiga honi. Watu waliinuka kwa pamoja, na vumbi likainuka nao. Mtu wa kamati aitwaye Nkulu, aliyekuwa karani wa posta kabla ya siku hizi, alikuja akisoma orodha. Nyuma yake walikuwapo vijana watatu wenye vitambaa vyekundu kichwani. Wawili kati yao walikuwa wakikaa dawati moja na Stany shuleni.

"Valérie Ngalula! Kuna mutu wa kumusemea?"

Madame Valérie alifunga daftari na kuliangalia lango mara nyingine.

Zena alimvuta Stany shati. "Simama, kijana," alinong'ona. "Sema ni mama yako. Nani atapima?"

Stany alisimama. Nkulu alimtazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Na weye? Uko nani?"

"Mukalay Stany."

"Mukalay wa wapi?"

"Wa Kabongo."

"Mutoto wa inchi! Sasa unafanya nini hapa kila siku na huyu mama? Uko nani kwake?"

Wale vijana watatu walisogea ili wasikie vizuri. Madame Valérie hakumtazama Stany. Alitazama kalamu mkononi mwa kijana.

"Mi niko mwanafunzi wake."

"Mwanafunzi tu?"

"Mwanafunzi tu. Ananifundisha filozofia."

"Mwanafunzi si ndugu," alisema Nkulu, akapiga mstari kwenye karatasi.

Zena alisonya. "Mwenye kusema kweli kama huyu anafaa nini?"

Madame Valérie aliinua sanduku. Vijana waliwapungia watu mkono kuelekea mabehewa. Kabla ya kupanda alimpa Stany daftari.

"Kutoka ukurasa wa arobaini ni Sokrate. Usiruke hata mstari."

"Ndiyo, Madame."

Alitamka neno hilo vizuri, bila kusita, mbele ya wenzake. Sheria ya kumwita hivyo hakuwahi kuivunja tangu asubuhi ile, miaka sita nyuma, walipotoka pamoja nyumbani, Madame Valérie akasimama langoni mwa shule, akamwachia mkono na kumwambia: "Kuanzia hapa, mimi si mama yako."