Kesi ya Simu

Kitendawili! Niko karibu nawe kama pua yako, lakini wanitafuta kwa simu. Mimi nani? Fikiria, mjukuu wangu, nikikusimulia.

Mashine ya kusaga mahindi ilikula vidole vitatu vya Sellah, mke wa mwanangu. Siku ya kesi ya fidia tulitoka Bungoma alfajiri mpaka Kitale. Mlangoni karani akatuzuia.

"Siku hizi kesi ni kwa simu, mama. Si mngebaki tu nyumbani?"

Tukakaa nyasini chini ya dirisha la korti, Sellah akajiunga na kesi kwa video ya simu yake. Sauti ya hakimu ilitufikia kwanza kupitia dirisha, kisha kwenye simu.

"Unadai nini?"

"Jelaha," Sellah akasema, ndiyo jeraha kwa ulimi wetu wa Bungoma.

"Jela?" Wakili wa mwenye mashine akacheka. "Mama, hii ni kesi ya madai. Hakuna wa kufungwa!"

Picha ikakwama.

"Mlalamikaji simwoni," hakimu akasema. "Asipoonekana, naitupa kesi. Mama, uko wapi?"

Sellah akanirushia simu. Akasimama, akapenyeza kati ya nondo za dirisha kile kiganja cha vidole viwili.

"Niko hapa, mheshimiwa. Jelaha ndio hii."