Mbatizwa wa Kwanza wa Kasenga

Hii niliambiwa na Mama Agathe, mke wa mwinjilisti Libérat, mwaka wa 1971, tukianika ndagala, wale dagaa wa ziwa, pale Kasenga, kando ya Uvira. Aliisimulia mara moja tu, nami sikumuuliza tena.

"Pasta, maji yako iko na nguvu kupita dawa yao?"

Aliyeuliza alikuwa Kankindi, bibi mmoja wa bonde la Ruzizi. Ilikuwa 1964, waasi waliojiita simba wameshika Uvira. Mganga wao aliwamwagia maji ya dawa kichwani, na ilisemwa kwamba risasi ikimfikia mwenye dawa inageuka maji. Watu waliamini. Hata askari wa serikali waliamini, ndiyo sababu walikimbia.

"Iko na nguvu kupita," Libérat akajibu. "Maji ya ubatizo inafuta yote, mama. Uganga, zambi, hata damu."

"Ukibatiza simba, dawa inatoka?"

"Inatoka. Habaki nayo hata tone."

Kankindi akasema, "Basi unibatizie Venant."

Venant alikuwa mtoto wake, komanda wa barieri ya njia ya bandari, pale walipokagua wapitaji. Watu walizunguka mbali ili wasipite mbele yake. Kankindi alikuwa amezaa wanaume wawili. Mkubwa, Étienne, alikuwa mwalimu. Mwezi wa saba alikutwa na kalamu mfukoni, akafungwa mawe, akatupwa ziwani. Ndivyo simba walivyowafanyia waliojua kusoma. Tangu siku ile bibi alikaa kwa Libérat na Agathe. Venant alimtumia watu mara mbili aje akae kwake, naye mara mbili akakataa.

"Niko nabaki na huyo moja," alisema.

Libérat alimwonea huruma, lakini na yeye alikuwa na njaa yake. Wazee wa kanisa la Lemera walimtuma aanzishe kanisa Kasenga, na miaka miwili ilipita bila kubatiza mtu. Saba aliokuwa anawafundisha walivuka Burundi na vyungu vyao. Mabenchi yake simba waliyafanya kuni za kupikia maharagwe. Kila Jumapili alipiga lile rimu la gari lililokuwa kengele, polepole, simba wasisikie. Kweli hakuna aliyesikia. Walikuja Agathe na mbuzi wa jirani.

"Kwa sheria yetu muntu anafundishwa mwaka muzima," Agathe akamwambia. "Huyu utamufundisha nini kwa siku moja?"

"Mwizi wa musalabani alifundishwa siku ngapi?"

"Na wakijua umemutoa komanda wao dawa?"

"Watanichinja."

"Baba, weye unamutaka huyu kuliko Mungu mwenyewe anavyomutaka."

Libérat aliingia ndani ya kanisa lake tupu, akapiga magoti mavumbini, na Agathe akamsikia kupitia ukuta wa matete: "Bwana, nipe huyu mumoja. Ukininyima na huyu, sijui tena ulinileta huku kufanya nini."

Siku hizo mizinga ya jeshi la serikali ilikuwa imeanza kusikika upande wa Sange, na kila asubuhi ilisikika karibu zaidi.

Walichagua saa sita mchana, wakati simba walipojilaza kivulini. Agathe alikaa ukingoni mwa ziwa na beseni la nguo, kama mtu anayefua, ili aangalie njia. Venant akaja, kwa kuwa mama yake ndiye aliyemwita. Alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu. Akaweka bunduki juu ya mawe.

"Mama, wakijua nimeguswa na maji ingine, wataniua."

"Ni minye nakuomba," Kankindi akasema. "Minye niliyekuzaa."

Wakaingia majini mpaka kiunoni.

"Venant, unamwamini Yesu Kristo?"

"Tangu mwezi wa saba silali, Pasta. Kama anaweza kuniondolea ile kitu, namwamini."

Libérat akamzamisha. Alipomwinua, Venant alilia wazi, kamasi na machozi pamoja, akamshika mwinjilisti shingoni, asimwachie.

"Kichwa kiliingia chote?" Kankindi akauliza kutoka ukingoni.

"Chote, mama."

"Umurudishe tena."

Libérat akacheka, mara yake ya kwanza tangu mwezi wa tano. Akamwambia moja inatosha, mbinguni hawarudii. Kiisha akamshika Venant mkono: kulikuwa na mtumbwi kwenye matete, avuke Burundi sasa hivi.

"Hapana," Kankindi akasema. "Arudi kwa kazi yake. Akikosekana watauliza, na weye Pasta ndiye watakufuata."

Libérat akaona bibi ana akili na moyo mwema. Venant akamwangalia mama yake, kama anayengoja neno. Hakupata. Akachukua bunduki, akarudi barieri nguo zikimdondoka maji.

Nyumbani Libérat aliimba. Alifungua daftari lake, akaandika juu kabisa ya ukurasa: *Venant*. Agathe akaleta bugali na ndagala, na Kankindi, aliyekuwa anamega matonge mawili matatu tu kila siku, alikula mpaka akapangusa sahani.

"Furahi, mama," Libérat akasema. "Mutoto wako amepona."

Jua lilikuwa bado kali nje. Kankindi alitandika mkeka wake pembeni ya ukuta, akakaa, akavua kitambaa cha kichwa. Mizinga ililia upande wa Sange, naye akaisikiliza mpaka ikanyamaza.

"Sasa risasi itaingia," alimwambia Agathe, kwa sauti ya taratibu. "Étienne alikuwa anamwita, 'Venant, mudogo wangu, Venant,' na yeye anakaza kamba ya mawe tu."

Akajifunika kikwembe, akageukia ukuta, usingizi ukamchukua.