Chupa ya Bi Saumu

Nasra alichovya ncha ya kidole kwenye kifuniko cha chupa, akalamba. Chungu. Lakini mofini inatakiwa iwe chungu kiasi gani? Hakujua, na hapo ndipo shaka ilipomwingia.

Maana mama yake alikuwa akiteseka kama mtu asiyepewa dawa. Saratani ya kizazi ilikuwa imemla Bi Saumu mpaka akabaki kama kanga iliyotupwa kitandani. Sista Frida, muuguzi aliyewazungukia wagonjwa majumbani pale Ujiji, aliongeza kipimo, kisha akaongeza tena. Mama aliendelea kuung'ata mto ili sauti isitoke.

"Hainifai hii, mwanangu," alimwambia Sista. "Usihangaike kuniletea tena."

Sista Frida alimvuta Nasra hadi barazani. "Kwa kipimo hiki angekuwa analala. Dawa inakaa wapi?"

"Kabatini."

"Hapa nyumbani kuna mtu aliyewahi kusumbuliwa na vidonge? Mwenye maumivu ya kweli, tukimpa kwa kipimo, hatuna hofu naye sana. Hofu yetu ni wanaomzunguka. Wengine hunywa, kisha wakajazia maji."

"Hakuna," alisema Nasra. Aibu ndiyo iliyojibu.

Alikuwepo. Haruna, mdogo wake, alikuwa mpakuzi bandarini Kigoma hadi siku gunia la saruji lilipomwangukia mgongoni. Hospitali walimpa vidonge vikali, na kwa haki kabisa, maana hakuweza hata kujigeuza kitandani. Mgongo ukapona. Vidonge vikakataa kuondoka. Akawa ananunua vya mitaani, akauza simu, akauza godoro, mwisho akauza sufuria za mama yake.

Siku alipoamua kuacha, Bi Saumu alijifungia naye chumbani. Alimfuta matapishi, akamshika mikono alipotaka kujirarua ngozi, akamsomea dua huku akitukanwa. Walipotoka humo, mama alikuwa amekonda kuliko mwana. Tangu hapo Haruna hakurudia. Alipata kazi ya kupima mawese sokoni Mwanga, na kila jioni alikaa miguuni pa mama akimkanda nyayo.

Lakini chupa ikifunguliwa tu, alinyanyuka na kutoka nje, jasho likimtiririka. Nasra aliliona hilo. Na mama naye alishasema: "Haruna asiishike hiyo chupa."

Mama mwenyewe hakupenda kunyweshwa. Nasra akishapima, mama humwambia, "Weka hapo, kanirudishie mlango. Nitakunywa nikipata pumzi." Nasra akirudi hukuta kikombe kitupu, beseni la matapishi la kumwagwa, na mama bado anatweta.

Basi asubuhi hiyo, uchungu ungali ulimini, Nasra alikwenda Mwanga.

Haruna alikuwa akimimina mawese kwenye dumu. "Shikamoo, dada. Mama ameamkaje?"

"Mama anakufa kwa maumivu, na dawa yake wewe ndiye unayejua iliko."

Haruna aliweka faneli chini taratibu. "Sijaigusa, dada."

"Mbona ikifunguliwa unakimbia?"

"Naogopa nisije nikaigusa."

Jibu hilo Nasra alilipokea kama ungamo. "Usikanyage tena nyumbani. Nguo zako nitamwachia jirani."

"Niache basi nikamuage mama."

"Ukamuage kwa yale maji uliyomwekea?"

Watu wa meza za jirani walikuwa wamegeuka kutazama. Haruna alijifuta mikono kwa kipande cha gazeti, akaondoka, dumu likabaki halijajaa.

Kesho yake Nasra aliteremka ufukweni Bangwe kununua samaki, migebuka ya mchuzi. Nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa aliwaona vijana wameketi mchangani, na mmoja wao alikuwa mdogo wake. Kichwa kilikuwa kimeinamia kifuani, udenda ukimchuruzika. Alimwita kwa jina. Haruna alifumbua jicho moja, akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia, akalifumba.

Nasra alilia njia nzima. Hata hivyo, ndani ya kilio hicho palikuwa na kitu kama nafuu: hakumwonea mtu.

Nyumbani alikuta Sista Frida ameshaleta chupa mpya. Nasra aliifuta vumbi, akaiweka juu ya meza ya mama.

"Jana Haruna hakuja kunikanda," alisema Bi Saumu. "Yuko wapi?"

Nasra aligeuzia uso dirishani. "Amepata kazi Ilagala, mama. Kwa wavuvi. Wameondoka naye."

"Atarudi lini?"

"Hatarudi karibuni. Huko wamempa na pa kulala."

Bi Saumu alifumba macho, na uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu ugonjwa uanze, ukalegea.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilidhani Sista akiona hainisaidii, ataacha kuileta kwenye nyumba anayolala yule mtoto." Akanyoosha mkono. "Nipimie, mwanangu. Leo nitainywa. Nimechoka kuimwaga."