Chui Aliyeongeza Kasi

Chui hakuvumilia kuambiwa anajikokota, na wanyama wote walilijua hilo. Asubuhi moja alimkurupusha Nungunungu, mwenye miguu mifupi, akaanza kumfukuza.

"Chapuka, mzee," Nungunungu akamwambia bila kugeuka. Chui akachapuka.

"Mbona unajikokota? Kaza mwendo." Akakaza.

"Bado. Ongeza kasi, mimi nakaribia kuingia shimoni." Chui akaongeza kasi yote aliyobakiwa nayo. Hapo Nungunungu akasimama ghafla, miiba wima mgongoni.

Chui akabaki anagumia, miiba imemjaa usoni. "Umenichoma, mnyama mbaya wewe."

"Sijakugusa, mzee," Nungunungu akajibu huku akiingia shimoni taratibu. "Mimi nilisimama tu. Kasi ilikuwa yako."