Ndoo ya Diima

Setelaiti ilipima ukavu wa malisho, ikakadiria mifugo waliokufa kwa ukame. Kila mnyama iliyemtaja alihesabiwa mfu kisheria, hata kama bado anapumua. Nyumbani kwa mwanamke aitwaye Tume ilimtaja Diima, ng'ombe wao pekee wa maziwa. Fidia ya bima iliingia kwenye simu asubuhi, Diima akiwa mlangoni anasubiri kukamuliwa.

"Kisimani hawatamnywesha tena, Mama Wario," alisema mumewe, Guyo. "Mfu hapewi maji."

Tume akawa anamwekea ndoo ya maji ya kupikia, na watoto wakaendelea kunywa maziwa.

Msimu uliofuata, setelaiti ilianza kukadiria na watu. Simu ilipolia, Guyo alisoma ujumbe.

"Imemtaja nani, Baba Wario?"

Guyo alichukua kikombe chake, akaenda kuchota kwenye ndoo ya Diima.